Imara Kama Mwamba, Nyepesi Kama Unyoya

Sentensi hiyo ni yangu. Niliiandika kwa Kiingereza, saa nane usiku, kwenye bedsita niliyokuwa nimepanga Githurai, nikiwa nimebakisha maneno 400 kufikisha 1,500 na bando likikaribia kuisha. Makala yenyewe, kwa tafsiri, iliitwa Fremu Kumi Bora za Droni za Inchi Tano. Mteja alikuwa ng'ambo, malipo yalikuwa shilingi 1,800, na jina langu halingetokea popote. Mpaka usiku huo nilikuwa sijawahi kushika droni. Fremu ya droni ndiyo kabisa. Nilipoona neno hilo mara ya kwanza nilifikiria fremu ya picha ya harusi.

Ukiwa umeacha chuo mwaka wa tatu na kodi inakungoja tarehe tano, hujiulizi kama unakijua unachoandika. Unauliza wanalipa ngapi kwa neno. Mwezi huo nilikuwa nimeshaandika kuhusu magodoro ya watoto wachanga, bima ya farasi, na jinsi ya kusafisha bwawa la kuogelea. Utaratibu ni uleule. Unafungua kurasa za wauzaji, unachota sifa, unazigeuzageuza ili programu ya kukagua wizi wa maandishi isikushike, unatuma. Orodha ya fremu ilitoka kwa mteja ikiwa imeshapangwa, ya kwanza hadi ya kumi. Kazi yangu ilikuwa kutafuta sababu za mpangilio ambao tayari ulikuwepo. Kwenye namba tatu nilikosa sababu. Nikaandika kwamba ni imara kama mwamba, nyepesi kama unyoya. Nikaendelea na namba nne.

Desemba ya mwaka uliofuata nilienda kwa mjomba, nje kidogo ya Thika. Binamu yangu ana miaka ishirini na anatengeneza simu kwenye kibanda pale mjini. Ana ile mikono ya watu wanaoweza kulehemu waya mwembamba kama unywele huku wakipiga stori. Tulipomaliza kula akaniita chumbani.

"Buda, kuja uone kitu."

Mezani alikuwa ametandaza taulo, na juu ya taulo mota nne, bodi mbili ndogo za saketi, kamera yenye ukubwa wa kifuniko cha soda, betri, na fremu. Nyeusi, inang'aa, imesukwa michirizi kama mkeka. Alikuwa ameweka pesa miezi saba. Mwezi huu mota, mwezi ujao miwani, mwezi mwingine hakuna kitu kwa sababu kibanda kilikuwa kibaya. Makaratasi ya kuisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kama kanuni za 2020 zinavyotaka, alikuwa ameshaanza kuyafuatilia, na alikuwa ameshaomba ruhusa ya kurukia kwenye shamba la babake. Yaani ni mtu anayefanya mambo kwa mpango. Fremu ilikuwa kitu cha mwisho kufika, shilingi 4,600 pamoja na usafiri, wiki tano kutoka Uchina.

"Ulijuaje ununue hii?" nikauliza.

"Nilisoma article moja. Imeeleza poa sana."

Akachukua simu, akatafuta, akaniletea skrini. Alikuwa ameihifadhi kama picha na kuchora duara jekundu kwenye namba tatu. Chini ya picha ya fremu ulikuwepo mwamba wangu, na unyoya wangu.

Nikamwambia, "Iko sawa." Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka, na nilikuwa na mwezi mzima wa kuyafikiria.

Kwa asiyejua, hizi si zile droni za harusi. Zile unatoa kwenye boksi zikiwa zimekamilika, na ukiachilia vidole zinasimama hewani zenyewe. Hizi unaziunda kwa mkono. Unavaa miwani inayokuonyesha kile kamera inachokiona, na droni inafanya unachoiambia, hata kama umeiambia ijigonge kwenye mti. Ikiwa na betri ina uzito wa gramu 600 hadi 700 hivi, na inapita kilomita 100 kwa saa bila shida. Itaanguka. Kila anayerusha anajua hivyo siku anapoagiza skrubu ya kwanza. Fremu ndiyo mifupa: bamba la chini, bamba la juu, vinguzo vya alumini katikati, na mikono minne inayobeba mota nchani. Na hiyo inchi tano ni kipimo cha propela. Mimi kwenye makala niliandika "fremu yenye upana wa inchi tano." Hakuna msomaji aliyelalamika.

Siku ya kwanza ya kurusha ilikuwa Januari, kwenye kipande cha shamba ambacho mjomba aling'oa kahawa. Ilipaa. Tulipiga kelele kama watoto. Lakini alipocheza video baadaye, picha yote ilikuwa inatetemeka kama jeli kwenye sahani, na alipogusa mota baada ya dakika mbili za kuruka alirudisha kidole haraka.

Akaamua kosa ni lake. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Kwa wiki tatu, kila usiku baada ya kufunga kibanda, alikaa na kompyuta ndogo ya kuazima akibadilisha namba kwenye Betaflight, ile programu ya bure inayoongoza droni nyingi za namna hii. Alibadilisha propela. Alilehemu upya waya zote. Aliweka vipande vya mpira chini ya bodi. Alinipigia simu kuuliza, kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye niliyesoma uhandisi, hata kama ni nusu. Nikawa namwambia jaribu kupunguza hii, jaribu kuongeza ile. Wiki ya nne mota moja ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza. Shilingi 2,300.

Kilichokuwa kinatokea si siri, na ningelikijua usiku ule Githurai ningelifungua hata kurasa mbili za ziada. Ndani ya bodi kuna jairo, kifaa kidogo kinachopima jinsi droni inavyoinama na kuzunguka, maelfu ya mara kwa sekunde. Mkono wa fremu ukiwa laini, mota inautikisa. Jairo inausoma mtikisiko huo kama vile droni yenyewe imeyumba. Bodi inaamuru mota irekebishe, mota inavuta kwa nguvu kurekebisha yumbo ambalo halikuwepo, mkono unatikisika zaidi. Umeme wote unaopotea kwenye ubishi huo unageuka joto. Unaweza kuuchuja kidogo kwa programu, lakini hakuna namba utakayoandika pale ambayo itageuza rula kuwa nondo.

Nilirudi Thika mwishoni mwa mwezi. Tuliibeba fremu ikiwa tupu hadi dukani kwa shangazi tukaiweka kwenye mizani ya sukari. Ukurasa wa muuzaji, na kwa hivyo makala yangu, ulisema gramu 105. Mizani ilisema 139. Shangazi akauliza ni kilo ngapi za nini, tukamwambia si kitu.

Binamu akaufunga mkono mmoja kwenye jiliwa, akachukua tupa, akaanza kusugua ncha taratibu huku amefunga leso puani. Vumbi la kaboni si la kuvuta. Kaboni ya kweli ni nyeusi hadi moyoni. Hii ilikuwa nyeusi, halafu njano iliyopauka, halafu nyeusi, kama biskuti ya krimu. Tabaka la kaboni juu, jembamba kama karatasi, lingine chini, na katikati nyuzi za kioo, jamii moja na ubao unaotengenezewa saketi. Nyuzi za kioo ni nzito kuliko za kaboni na hupinda kwa urahisi zaidi. Zina faida yake, hazivunjiki ovyo, lakini huwezi kuziuza kwa jina la kaboni. Akaweka ncha mbili za maltimita kwenye ile njano ya katikati. Kimya. Kaboni hupitisha umeme. Ukiisugua pembeni ukagusa, mita inasema.

Yeye bodi za saketi ndizo ugali wake. Aliijua kabla yangu.

"Hii ni motherboard imevaa suti," akasema.

Tukacheka. Kisha akafuta mikono, akachukua simu. "Sawa. Tutafute ingine. Kuna list nyingine niliona, ya watu wanaoanza." Akanipa niione. Tovuti tofauti, rangi tofauti, kichwa tofauti. Aya ya pili ilikuwa na sentensi ambayo mimi tu, kati ya watu wote duniani, ningeweza kuandika vibaya kiasi kile. Mteja yuleyule aliniagiza toleo la pili miezi mitatu baada ya la kwanza.

"Usinunue kwa hiyo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Niliiandika mimi. Hata ile ya kwanza."

Alicheka tena. Halafu akaona mimi sicheki.

"Na ulikuwa umezishika?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akailaza simu mezani, kioo kikiangalia chini. "Walikulipa ngapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, unaona kabisa anapiga hesabu. Mota peke yake ilikuwa imekula zaidi ya hiyo. "Kwa hivyo tangu Krismasi ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua nimeandika. Sikujua ni bandia."

"Lakini pia hukujua kama si bandia."

Hapo sikuwa na la kusema, na sina mpaka sasa. Hakunisemesha hadi chakula cha usiku. Shangazi akauliza kama tumegombana, binamu akasema amechoka tu.

Asubuhi nilimwambia fremu ya pili nitalipa mimi, kwa awamu mbili, mteja mwingine akishanilipa. Akakubali kwa sharti moja: tuchague pamoja, na kila neno tusilolielewa tusilipite. Ilituchukua wiki mbili. Nilisoma kwa umakini ambao sikuwahi kuutumia chuoni, nikisema ukweli.

Neno la kwanza lilikuwa "3K." Kwenye makala yangu lilitokea karibu kila aya, kama vile ni cheo. Maana yake ni kwamba uzi uliosukwa una nyuzi ndogo 3,000 ndani yake. Basi. Ni kama kukuambia kamba ina nyuzi ngapi bila kukuambia nyuzi zenyewe ni za nini. Halikuelezi daraja la kaboni, halikuelezi utomvu ulioigandisha, wala jinsi tabaka za ndani zilivyopangwa. Na ule mchoro wa mkeka unaovutia macho uko kwenye tabaka la juu tu. Chini yake kunaweza kuwa na chochote, kama sisi tulivyojionea kwa tupa.

Unene tuliuelewa kwa kalamu na karatasi. Ugumu wa mkono kupinda hupanda kwa unene mara unene mara unene. Nne mara nne mara nne ni 64. Tano mara tano mara tano ni 125. Maana yake ukitoka milimita 4 kwenda 5, kwa upana uleule, uzito wa mkono unaongezeka robo lakini ugumu unakaribia kuwa maradufu. Binamu alirudia hesabu hiyo mara mbili kwenye kikokotoo akidhani nimemdanganya tena. Kwa droni ya inchi tano inayorushwa na mtu anayejifunza juu ya visiki vya kahawa, mikono ya milimita 4 ni kujitafutia. Kuna watu wanaoshindana mbio ambao wana sababu zao za kupunguza kila gramu. Sisi hatukuwa hao.

Kisha mwelekeo wa nyuzi, ambao karibu tuupite. Kaboni ina nguvu kufuata nyuzi zake. Kukata nyuzi mshazari ni kama kupasua mbao ukitarajia isipasuke. Kuna fremu ambazo mikono yote minne na bamba la chini ni kipande kimoja. Ni nyepesi, hazina skrubu nyingi za kulegea, na zinapendeza sana kwenye picha. Lakini mikono inatoka kwenye kona, na kama bamba lilikatwa na nyuzi zikienda mbele-nyuma na kushoto-kulia, basi mikono yote imelala mshazari na nyuzi. Mkono ukiwa kipande chake peke yake, aliyeukata anaweza kuulaza nyuzi zikienda kwa urefu wake. Na zaidi ya hapo, mkono mmoja ukivunjika kwenye ile ya kipande kimoja, unabomoa droni nzima: unafungua bodi, unatoa waya, unaanza mwanzo. Halafu unangoja fremu nyingine wiki tano.

Hizo wiki tano ndizo zilizoamua, kuliko takwimu zote. Mtu wa Marekani akivunja mkono Jumamosi anaagiza, unafika kabla ya wikendi nyingine. Wanaoandika orodha za "bora" humwandikia yeye, nami nilikuwa namwandikia yeye pia, kutoka Githurai. Sisi tulianza kuuliza maswali yetu. Mkono wa akiba unauzwa peke yake? Unauzwa na wangapi? Muuzaji huyu akifunga duka, kuna mwingine anayeukata uleule?

Tulijaribu hata kukata hapa. Kuna fundi Kariobangi Light Industries mwenye mashine ya kuongozwa na kompyuta, anakata mabango ya mbao na plastiki. Tulimpelekea mchoro kwenye flashi. Akauangalia vizuri, akasema anaweza. Halafu akauliza, "Hiyo vumbi yake inaenda wapi?" Tukamwambia inabidi ikatwe ndani ya maji au ivutwe yote, kwa sababu ni mbaya kwa mapafu na inapitisha umeme. Akaangalia mashine yake, nyaya zake, kijana wake aliyekuwa anafagia bila barakoa, akaturudishia flashi. Nilimheshimu sana. Ndani ya dakika tano aliuliza swali ambalo maneno yangu 1,500 hayakuligusa.

Mwishowe tukachukua fremu ya mchoro wa Source One, wa Team BlackSheep. Si nzuri kwa macho. Haina mng'ao, na kuna nyepesi kuliko hiyo. Lakini mchoro wake uko wazi kwa umma, mikono ni minne tofauti inayofunguka, na si lazima umngoje muuzaji mmoja tu. Tuliangalia matundu ya mota na ya bodi yanalingana na vyake, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hulia, na tukaagiza mikono miwili ya akiba siku hiyohiyo.

Ilipofika, kabla ya kuifungua vizuri tulienda dukani kwa shangazi. Safari hii hakuuliza, alisogeza tu sukari. Uzito ulilingana na ulioandikwa. Tupa kwenye ncha ya mkono: nyeusi hadi ndani. Maltimita ikalia. Binamu akasugua kingo zote kwa msasa wa maji ndani ya beseni, kwa sababu ukingo mkali wa kaboni hukata waya wa mota polepole, na siku waya ukibaki uchi ukagusana na kitu kinachopitisha umeme, droni nzima inaenda. Akazipaka kingo supaglu ili tabaka zisianze kuachana zikigongwa. Akazifunga waya kwa tepu. Antena akaitoa nje kabisa ya fremu, maana kaboni huziba mawimbi ya redio. Alifanya hivyo vyote bila haraka, na mimi nikashika taa.

Nilimwandikia yule mteja. Nilimwambia fremu namba tatu si kaboni, nimepima, nina picha, na niko tayari kurekebisha makala bure. Alijibu mstari mmoja, kwamba ukurasa unafanya vizuri na angependa uachwe ulivyo. Bado upo. Binamu huutafuta mara kwa mara, akiona umepanda nafasi ananitumia picha ya skrini, bila maneno, na kale kauso kanakocheka hadi machozi. Kazi za namna hiyo sijaziacha zote, nisidanganye. Siku hizi nakataa zile za vitu ambavyo mtu anaweza kununua na pesa yake ya mwisho, na hiyo imepunguza kipato kuliko nilivyotarajia.

Mei nilikuwa shambani tena. Picha kwenye miwani ya pili ilikuwa imetulia, unaona hadi majani ya mparachichi mmojammoja, na pengine ndiyo sababu aliusogelea mno. Tulisikia mlio mkavu kama wa kuvunja kuni. Mkono wa mbele kushoto ulikuwa umekatika karibu na shina, nyuzi zimechomoza kama nywele, mota inaning'inia kwa waya zake, nzima. Vingine vyote vilikuwa sawa.

Alikaa chini palepale kwenye udongo, akaipindua droni mapajani, akaanza kuchomoa propela. Mkono wa akiba ulikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Akanyoosha kiganja kwangu bila kuniangalia.

"Leta ile spana ya mbili. Mbili kamili, si mbili na nusu."